Risiti Saba za Awowe

Awowe alituachia vitu vitatu vya maana: fimbo, redio ya betri, na faili la kaki lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Fimbo iko kwa abti yangu Mandera. Redio ilikufa. Faili niko nalo mimi, na ndani yake mna risiti 7 za wakili mmoja wa Nairobi, barua 2 ambazo hazikwenda popote, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kuhusu ngamia 41.

Ngamia hao walichukuliwa na askari mwaka 1966, njia ya kwenda Ashabito, wakati wa vita vya shifta. Sitataja ukoo wetu hapa. Mtu wa Rhamu atatujua kwa maelezo haya tu, na wa mbali haimsaidii kitu.

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi ya faili hili ni ya wakili mbaya. Enyewe huyo yumo. Lakini nilipoanza kusoma sheria zilizotawala kwetu, niligundua kwamba kabla ya kuuliza kama wakili ni mwema au mbaya, mtu wa Rhamu alikuwa na swali la kwanza zaidi: wakili ni nini, na angefika vipi huku?

Rhamu iko kando ya mto Daua. Ukivuka mto uko Ethiopia. Kutoka hapa hadi mji wa Mandera ni safari ya gari ya saa kadhaa ikiwa barabara ni kavu, na kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000. Mawakili wako mwisho huo mwingine wa barabara. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoruhusu eneo zima kufungwa. Mgeni hakuingia Northern Frontier District bila kibali, awe mfanyabiashara, mhubiri au wakili. Mwaka 1933 ikaja sheria ya wizi wa mifugo, na mwaka 1934 sheria ya wilaya maalumu. Hizi zilileta adhabu ya pamoja: mmoja akiiba au akiua, ng'ombe na ngamia wa ukoo mzima wanaswagwa. Sasa fikiria wewe ni wakili. Mteja wako ni nani hapo? Mashtaka hayamhusu mtu, yanahusu watu wote wa kisima fulani.

Na hakimu alikuwa nani? DC. Huyo huyo aliyesimamia askari waliokamata mifugo ndiye aliyekaa mezani kusikiliza kesi. Katika mahakama za Waafrika kote Kenya mawakili hawakuruhusiwa kusimama, hadi mahakama hizo zilipovunjwa kwa sheria mpya ya mahakimu ya mwaka 1967. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga waliposema kwamba kesi ni jambo la mzee na DC, na katikati yao ni mkalimani tu. Ndivyo ilivyokuwa. Mkalimani ndiye aliyekuwa wakili. Akikupenda, maneno yako yalifika mezani yakiwa mazima. Asipokupenda, yalifika yamevunjika miguu.

Walikuwepo Wasomali waliojua karatasi, lakini hao walikuwa wa mijini, hasa Isaaq wa Nairobi na Isiolo. Mwaka 1919 walipata sheria yao ya kutohesabiwa kama wenyeji kwa baadhi ya mambo, na miaka ya 1930 waliandika maombi hadi London wakidai watozwe kodi ya juu, ile ya Waasia, badala ya ile ya chini waliyopangiwa. Sijui jamii nyingine iliyopigania kulipa zaidi! Walielewa kwamba jina lako kwenye karatasi ya kodi ndilo linaloamua utasimama mlango gani wa korti. Sisi wa ngamia somo hilo tulilipata baadaye, na kwa bei kubwa.

Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla ya mwezi kwisha kwetu ikatangazwa hali ya hatari. Vita vya shifta viliendelea hadi makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Kanuni za mwaka 1966 za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani ziliwapa maafisa uwezo wa kukamata, kupekua, kuweka watu kizuizini na kuchukua mifugo, na zikaondoa ile lazima ya hakimu kuchunguza kifo cha mtu aliyeuawa na askari. Soma tena hiyo. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa, mtu akifa mikononi mwa polisi sheria inasema uchunguzi ufanywe. Kwetu sheria ilisema si lazima. Vita viliisha lakini kanuni hazikuisha. Zilikaa hadi tarehe 29 Novemba 1991. Ndani ya miaka hiyo 25 jeshi la Somalia lilipita hapa Rhamu mwaka 1977 likishambulia kituo cha polisi, na baada ya hapo kila mmoja wetu akawa mshukiwa. Yakaja ya Garissa mwaka 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984.

Basi kanuni zilipoondolewa, mwaka 1992 ukawa mwaka wa maneno matamu. Vyama vingi vimerudi, magazeti yanaandika yasiyoandikika, na wazee wakaanza kuulizana kwenye chai: je, mali zetu? Awowe alikuwa wa kwanza kusimama. Akaitisha qaaraan, ule mchango wetu wa ukoo, kila nyumba mbuzi au pesa. Zikapatikana. Mwaka 1993 akapanda lori la miraa lililokuwa linarudi Nairobi, akafikia kwa abti Eastleigh. Mimi nilikuwa hapo, miaka 13, nikisoma darasa la saba. Kwa kuwa nilijua Kiswahili na Kiingereza cha shule, nikafanywa mkalimani. Hakuna aliyeniuliza kama naiweza kazi hiyo.

Wakili wa kwanza tulipewa na jirani. Ofisi yake ilikuwa orofa ya tatu karibu na River Road, ina kapeti na saa kubwa ya ukutani. Alimwita awowe "mheshimiwa mzee wangu" na akamshika mkono kwa mikono miwili. Hakuuliza mwaka ambao ngamia walichukuliwa. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu mimi nilikuwa nimejiandaa kulitamka, nimelifanyia mazoezi kwenye basi: elfu moja mia tisa sitini na sita. Yeye aliuliza ngamia mmoja ni bei gani siku hizi. Awowe akamwambia. Akapiga hesabu kwa kikokotoo, akageuza kile kidude ili tuone, na jumla ile ilimfanya awowe akae kimya. Kisha akasema atataka kitu kidogo cha kufungulia faili, na tukishinda atachukua theluthi moja.

Leo najua kwamba Sheria ya Mawakili ya Kenya hairuhusu mapatano ya aina hiyo, ya wakili kulipwa ikiwa tu ameshinda. Najua pia kwamba pesa ya mteja inatakiwa iwekwe akaunti ya pekee, isichanganyike na ya wakili mwenyewe. Na najua kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambako mtu anaweza kwenda hata bila wakili mwingine. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofika Eastleigh mwaka ule. Sisi tulijua risiti. Awowe aliamini sana risiti, kwa sababu askari walipochukua ngamia hawakutoa.

Alitupa risiti 7 kwa muda wa miezi 14. Ya kufungua kesi, ya kiapo, ya "tarehe", ya "tarehe" tena, ya kupeleka barua kwa Mkuu wa Sheria, ya karani, na ya mwisho imeandikwa tu "mengineyo". Kila mara awowe alipokuja kutoka Rhamu, kesi ilikuwa imeahirishwa jana yake. Abti akaanza kunusa. Siku moja tulienda wenyewe Mahakama Kuu, pale City Hall Way, tukatoa namba ya kesi iliyoandikwa kwenye risiti ya kwanza. Karani alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akaturudishia risiti. Namba hiyo ilikuwa ya kesi ya talaka ya watu wengine kabisa.

Tulirudi orofa ya tatu. Mlango ulikuwa na kufuli mpya.

Kuna msomaji atasema, wakili mwizi yupo kila mahali, kwani hii ni historia? Mimi nasema huyu aliiba kwa kutumia historia yetu. Alijua kwamba mzee huyu hajawahi kuona kesi ikisikilizwa hadharani. Alijua kwamba kwa mzee wa Mandera, kungoja miezi 14 si ajabu. Alikuwa ameshangoja miaka 27.

Wakili wa pili alikuwa mama mmoja, na sitamtaja jina ingawa ningependa. Ofisi ndogo, chumba kimoja, kiti cha mteja kimoja, kwa hiyo awowe alikaa na mimi nikasimama. Swali lake la kwanza lilikuwa: mwaka gani? Nikasema. Akatazama dirishani kidogo. Kisha akainuka, akatoa kitabu cha sheria, akakifungua na kukielekeza kwangu, mtoto wa darasa la nane sasa, kama mtu mzima.

Ilikuwa Sheria ya Kinga, Sura ya 44, ya mwaka 1970. Alinieleza polepole kwa Kiswahili. Bunge lilipitisha kwamba hakuna kesi itakayosikilizwa dhidi ya serikali au askari wake kwa mambo yaliyofanywa katika eneo letu kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, ikiwa yalifanywa kwa nia njema kwa ajili ya usalama. Na hata kama sheria hiyo isingekuwepo, akasema, kuishtaki serikali kwa madhara ya namna hii kuna kikomo cha miezi 12. Mzee amechelewa kwa miaka 26. Akasema: "Mwambie hana kesi. Mwambie nasikitika sana, lakini mtu akichukua pesa yake kwa jambo hili anamwibia. Asimpe mtu tena." Hakutoza hata senti. Alituagizia chai.

Awowe akanitazama, anangoja.

Nikamwambia kwa Kisomali: "Anasema kesi ni ngumu. Anasema tungoje kidogo sheria ibadilike."

Sijui kwa nini. Yaani najua: sikuweza. Mdomo wa mtoto hauna mahali pa kuweka neno kama lile. Awowe akaitika kwa kichwa, akamshukuru yule mama kwa dua ndefu, na mama akadhani mzee amepokea ukweli kwa ushujaa. Aliinuka akamsindikiza hadi ngazini. Awowe alifariki mwaka 1998 akiwa bado anangoja, na kila nilipokwenda Rhamu likizo aliniuliza sheria imefika wapi.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mahmood Hussein Mattan, baharia kutoka Hargeisa aliyeishi Cardiff, nchini Uingereza. Mwaka 1952 alishtakiwa kwa kumuua Lily Volpert, mwenye duka. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alikuwa na wakili, na wakili huyo alipofunga utetezi aliwaeleza wazee wa baraza kwamba mteja wake ni nusu mtoto wa porini na nusu mshenzi asiyestaarabika vizuri. Huyo alikuwa anamtetea! Mattan alinyongwa tarehe 3 Septemba 1952. Mkewe Laura na wanawe hawakuacha. Mwaka 1998, mawakili wengine wakiwa upande wa familia, Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu ile, na ilikuwa kesi ya kwanza ya aina hiyo kupelekwa huko na tume mpya ya kupitia kesi za jinai. Miaka 46. Nilisoma usiku mmoja hadi kukaribia alfajiri, na kilichonikaa si kitanzi. Ni zile dakika Mattan alizokaa kizimbani akimsikiliza mtu wake akiongea, pengine asielewe yote, pengine akidhani anatetewa.

Kwetu pia kuna kesi zilizokwenda vizuri, na ni haki nizitaje. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori lilitaka kuwahamisha hirola, yule paa adimu, kutoka Garissa kwenda Tsavo. Wenyeji wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, kesi namba 2959 ya mwaka huo, Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake wanne. Mawakili wao hawakuleta maneno makubwa. Walilishika shirika kwa sheria yake lenyewe, inayosema kazi yake ni kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili. Korti ikakubali na kuzuia uhamisho. Wafugaji wa Garissa wakishinda serikali, tena juu ya wanyama wa porini! Awowe alikuwa hai wakati huo. Nikifikiria kwamba habari hiyo ingemfikia angeniuliza: basi kama paa wana kesi, ngamia je?

Mwaka 2011 tume ya ukweli na maridhiano ilifika Mandera. Hapo hukuhitaji wakili. Mama yangu aliandikisha ngamia 41, akataja rangi za wale aliowakumbuka. Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchi nzima na kukabidhi ripoti Mei 2013. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Mama bado ana kile kikaratasi cha namba walichompa. Nikamwambia akiweke kwenye faili pamoja na risiti. Akakataa, akasema kile si cha wizi.

Mimi mwenyewe nimekuwa mteja mara moja tu. Baada ya mapigano ya 2012 hadi 2014 watu wengi wa Rhamu tulihama, na tuliporudi ploti ya marehemu baba ilikuwa na ukuta wa mtu mwingine. Barua ya baraza la zamani la mji ninayo. Nilitafuta wakili wa Nairobi kwanza, kwa mazoea, naye akasema yuko tayari lakini hatapanda basi. Sikumlaumu. Novemba 2014 watu 28 walitolewa kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa, na tangu hapo wageni wengi wenye kazi zao waliogopa kuja. Nikampata binti wa hapa hapa kaunti ya Mandera, aliyehitimu si zamani, anayeongea lugha ya mama yangu kuliko mimi. Kwa kuwa tangu Machi 2020 korti zilianza kusikiliza kwa video, mama alifuatilia kesi kwenye simu yangu, amekaa chini ya mwembe, kuku wakipita. Alisikia kila neno. Wakili alipokuwa akimaliza kwa Kiingereza alimpigia mama baadaye na kumweleza upya, na mama alimkatiza, akamsahihisha upana wa ploti.

Hata hivyo kesi haikufika hukumu. Wazee waliketi, tukagawana ile ardhi theluthi mbili kwa moja, na yule binti akayaandika mapatano ya wazee na kuyapeleka kortini yakasajiliwa, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inayatambua. Alitutoza kiasi alichosema siku ya kwanza, bila kuongeza. Mimi sikufurahia kupoteza theluthi. Mama alifurahi. Anasema jirani utamhitaji siku ya mazishi.

Siku tuliyolipa sehemu ya mwisho nilimwonyesha wakili faili la awowe. Alizisoma risiti zote 7, akaipiga picha ile ya "mengineyo" kwa simu, akacheka na kuomba samahani. Akaniuliza wakili wa pili alitoza ngapi. Nikamwambia, na nikajikuta namwambia na lile nililotafsiri. Mama alikuwa anasikia. Sikuwa nimemwambia kamwe.

Mama hakushtuka. Akasema: "Baba alikaa kizuizini mwaka mzima na askari wa bara. Unafikiri hakulijua neno 'hana'?"

Nikamuuliza, sasa kwa nini alikuwa ananiuliza kila likizo sheria imefika wapi?

Alikuwa anatafuta miwani yake. Akasema nimuulize wakili kama theluthi yetu inaanzia kwenye mwembe au nyuma yake.